Marc-Vivien Foé: Kabla ya dakika ya 72

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 21, 2003, Manchester City waliwakaribisha Sunderland kwenye uwanja wao wa Maine Road. Dakika ya 80, kiungo mmoja mrefu kutoka Cameroon, jezi namba 23 mgongoni, akatupia mpira wavuni. Lilikuwa bao lake la pili siku hiyo. Mechi ikaisha 3-0.

Hakuna aliyejua wakati ule, lakini bao hilo liliingia kwenye historia. City walikuwa wakiutumia uwanja huo tangu mwaka 1923 na msimu ule ndio ulikuwa wa mwisho kabla ya kuhama. Zilibaki mechi mbili za nyumbani, dhidi ya West Ham na Southampton. Wakafungwa zote 1-0. Kwa hiyo bao la mwisho la Man City pale Maine Road likabaki kuwa la jamaa huyo wa Yaoundé.

Siku 66 baadaye, Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja mjini Lyon, Ufaransa, akiichezea timu yake ya taifa. Hakuinuka tena. Alikuwa na miaka 28.

Ukitafuta jina lake mtandaoni leo, kitu cha kwanza kukutana nacho ni video ya kuanguka kwake. Ni sekunde chache tu, na watu wengi wanamjua kwa sekunde hizo peke yake. Miaka tisa aliyocheza Ulaya, mataji aliyobeba na kazi aliyopiga uwanjani vimebaki nyuma ya picha hiyo moja.

Alikotokea

Foé alizaliwa Mei 1, 1975, katika kijiji cha Nkolo, Cameroon. Alikuwa na miaka 15 wakati Cameroon ya Roger Milla ilipoushangaza ulimwengu kwenye Kombe la Dunia la Italia mwaka 1990. Iliwafunga Argentina waliokuwa mabingwa watetezi, kisha ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali.

Baada ya hapo vijana wengi wa Cameroon walitaka kuwa washambuliaji kama Milla. Foé yeye alienda kusimama katikati ya uwanja. Alikuwa na urefu unaokaribia mita 1.9, miguu mirefu ya kuiba mipira na pumzi ya kukimbia kutoka boksi hadi boksi.

Alipitia timu ndogo kabla ya kutua Canon Yaoundé, moja ya klabu kubwa kabisa nchini humo na bingwa wa Afrika mara tatu. Mwaka 1993 akabeba nao Kombe la Cameroon. Mwaka huohuo alicheza Kombe la Dunia la vijana kule Australia, na Septemba akaitwa timu ya wakubwa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Mexico. Alikuwa na miaka 18.

Kinda aliyesalimika 1994

Kombe la Dunia la 1994 nchini Marekani lilikuwa balaa kwa Cameroon. Walianza kwa sare ya 2-2 na Sweden, wakapigwa 3-0 na Brazil, halafu Urusi wakawamaliza 6-1. Mechi hiyo ya mwisho inakumbukwa kwa mambo mawili. Oleg Salenko alifunga mabao matano peke yake, na Milla akafunga moja akiwa na miaka 42.

Katika kikosi kilichorudi nyumbani kimeinamisha vichwa, kinda wa miaka 19 alikuwa ameonekana. Foé alicheza mechi zote tatu, na klabu za Ufaransa zikaanza kumfuatilia. Auxerre walimtaka, ila yeye akachagua Lens.

Lens ni mji mdogo wa kaskazini mwa Ufaransa, mji wa wachimba makaa ya mawe. Migodi ilikuwa imeshafungwa na ajira zimepotea, lakini mpira ulibaki. Uwanja wa Félix-Bollaert unachukua watu wengi kuliko wakazi wote wa mji wenyewe. Ukicheza pale hutakiwi kuringa, unatakiwa kupiga kazi. Foé alifaa kabisa.

Kazi yake ilikuwa ile ya namba sita. Kukaba, kutibua mashambulizi, kushinda mipira ya vichwa na kumpa mpira mwenye ufundi zaidi. Kiungo wa aina hiyo akiwa na siku nzuri, watazamaji wengi wanaondoka wakiwasifia wengine. Siku asipokuwepo ndipo wanagundua pengo.

Mwaka aliopata kila kitu, akakosa kila kitu

Msimu wa 1997/98, Lens chini ya kocha Daniel Leclercq walifanya jambo ambalo hawakuwahi kulifanya na hawajalirudia. Walichukua ubingwa wa Ufaransa. Walimaliza wakiwa na pointi sawa na Metz, wakashinda kwa tofauti ya mabao. Siku ya mwisho sare ya 1-1 na Auxerre iliwatosha, na mji ukalipuka kwa furaha.

Foé alikuwa na miaka 23 tu na tayari bingwa wa Ufaransa. Manchester United ya Alex Ferguson ikabisha hodi. Ofa yao ya kwanza Lens waliikataa, wakitaka dau kubwa zaidi. Mbele yake kulikuwa pia na Kombe la Dunia, na safari hii lilikuwa likifanyika Ufaransa, huku Félix-Bollaert ikiwa moja ya viwanja vya mashindano.

Kisha, kambini na timu ya taifa wakijiandaa na fainali hizo, akavunjika mguu.

Kombe la Dunia likampita. Dili la United nalo likafa. Msimu uliofuata United walichukua mataji matatu makubwa, yeye akiwa ametoka tu kujifunza kutembea upya. Wachezaji wengi wakipata pigo la namna hiyo hawarudi kwenye kiwango chao.

London, Lyon na malaria

Foé alirudi. Januari 1999 West Ham ya Harry Redknapp ilimnunua kwa paundi milioni 4.2, dau lililokuwa rekodi ya klabu wakati huo. Aliwakuta vijana waitwao Frank Lampard, Rio Ferdinand na Joe Cole, na mwezi huohuo akasajiliwa pia Paolo Di Canio. Wagonga Nyundo hao walimaliza nafasi ya tano msimu ule.

Yeye binafsi hakung'ara sana London. Alicheza mechi 38 za ligi na kufunga bao moja. Mwaka 2000 akarudi Ufaransa, safari hii Lyon, kwa paundi milioni 6.

Kule nako alianza kwa mkosi. Akashikwa na malaria iliyomweka nje kwa muda mrefu. Msomaji wa Afrika Mashariki haitaji kuelezwa malaria inavyomnyong'onyeza mtu, na mwili wa mwanasoka hauna kinga ya pekee. Lakini alipona, akarudi kikosini, akabeba Kombe la Ligi mwaka 2001.

Halafu likaja taji kubwa zaidi. Mei 4, 2002, siku ya mwisho ya msimu, timu mbili zilizokuwa zikigombea ubingwa zilikutana uso kwa uso uwanja wa Gerland. Upande mmoja Lyon, ambao hawajawahi kuwa mabingwa maishani mwao. Upande wa pili Lens, waliokuwa wakiongoza kwa pointi moja na walihitaji sare tu. Klabu iliyomtoa Afrika dhidi ya klabu inayomlipa mshahara.

Lyon walishinda 3-1. Foé akawa bingwa wa Ufaransa kwa mara ya pili, na klabu mbili alizochezea zikawa zimepata ubingwa wao wa kwanza naye akiwa kikosini. Lyon wakaendelea kutawala, wakachukua mataji saba mfululizo.

Simba wawili wa Afrika

Kwa timu ya taifa, miaka hiyo ilikuwa ya dhahabu. Mwaka 2000 fainali ya AFCON ilichezwa Lagos, Nigeria wakiwa nyumbani mbele ya umati wao. Cameroon waliongoza 2-0, wakarudishiwa zote mbili, wakashinda kwa matuta 4-3. Miaka miwili baadaye wakatetea ubingwa Bamako, tena kwa matuta, dhidi ya Senegal.

Hii ndiyo ile Cameroon iliyovaa jezi zisizo na mikono kule Mali mpaka FIFA ikaingilia kati kabla ya Kombe la Dunia. Watu wanamkumbuka Samuel Eto'o, Patrick Mboma, nahodha Rigobert Song na Geremi. Foé alikuwa pale katikati akizoa mipira na kuwapa hao wengine. Alifikisha zaidi ya mechi 60 za timu ya taifa.

Kombe la Dunia la 2002 alicheza mechi zote tatu. Sare na Ireland, ushindi dhidi ya Saudi Arabia, kipigo kutoka kwa Ujerumani, na Cameroon wakaaga mapema.

Msimu wa raha Manchester

Mwaka 2002 Lyon walimtoa kwa mkopo kwenda Manchester City, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja chini ya Kevin Keegan. Sahau City ya leo yenye fedha na makombe. Ile ilikuwa timu inayohofia kushuka tena.

Foé hakuwa amewahi kufunga sana popote. Pale City, kiungo huyo mkabaji akageuka tishio. Mechi 35 za ligi, mabao tisa. Alikuwa akichelewa kuingia kwenye boksi, mabeki wanahangaika na Nicolas Anelka na Shaun Goater, yeye anatokea nyuma yao bila mtu wa kumkaba. City wakamaliza nafasi ya tisa na kuwafunga United 3-1 kwenye dabi ya mwisho ya Maine Road.

Msimu ulipoisha, akiwa na miaka 28, alikuwa kwenye ubora wake. Kilichobaki ni mashindano mafupi ya mwezi Juni, halafu mapumziko.

Juni 26, 2003

Kombe la Mabara lilifanyika Ufaransa. Juni 19 Cameroon waliwafunga Brazil, mabingwa wa dunia, 1-0 kwa bao la Eto'o. Siku mbili baadaye wakawafunga Uturuki 1-0. Dhidi ya Marekani Foé alipumzishwa kwa sababu timu ilikuwa imeshafuzu.

Nusu fainali dhidi ya Colombia ilipangwa Gerland, uwanja wa klabu yake, mbele ya watu wanaomjua. Baadaye ilielezwa na familia kwamba alikuwa akisumbuliwa na tumbo siku hizo, lakini hakutaka kuikosa mechi hiyo. Joto lilikuwa kali.

Pius Ndiefi aliwapa Cameroon bao dakika ya tisa. Kipindi cha pili benchi la ufundi liliona Foé amechoka, na kocha Winfried Schäfer akafikiria kumtoa. Foé akaonyesha kwamba yuko sawa, anaendelea.

Dakika ya 72 alianguka kwenye duara la katikati. Hakuwa amegongwa na mtu. Hakukuwa hata na mchezaji karibu naye, na mpira ulikuwa sehemu nyingine.

Madaktari walijaribu kumzindua palepale uwanjani, kisha akatolewa kwa machela na kupelekwa chumba cha matibabu cha uwanja. Kwa takriban dakika 45 walipigana kuurudisha moyo wake kwenye mapigo. Walishindwa. Mechi ilikuwa imeendelea mpaka mwisho, Cameroon wakashinda 1-0 na kufuzu fainali. Furaha yao haikudumu. Habari ziliwafikia baada ya kipenga.

Usiku huohuo Ufaransa walicheza nusu fainali yao dhidi ya Uturuki huko Saint-Denis, karibu na Paris. Thierry Henry alipofunga, alinyoosha kidole angani kwa ajili ya Foé.

Medali iliyotundikwa kwenye picha

Swali la kama fainali ichezwe au isichezwe liligawanya watu. Wachezaji wa Cameroon waliamua kucheza. Juni 29 waliingia uwanjani wakiwa na picha kubwa ya mwenzao, wakawabana Ufaransa dakika 90 bila bao. Dakika ya 97 Henry akafunga bao la dhahabu na mchezo ukaishia hapo.

Wakati wa kugawa medali, wachezaji wa Cameroon waliibeba ile picha, na medali ya mshindi wa pili ikatundikwa juu yake. Nahodha wa Ufaransa, Marcel Desailly, hakulinyanyua kombe peke yake. Alilishika pamoja na Rigobert Song. Foé mwenyewe alichaguliwa mchezaji bora wa tatu wa mashindano, nyuma ya Henry na Tuncay wa Uturuki.

Alizikwa Yaoundé Julai 2003 kwa heshima za kitaifa, kwenye eneo alilokuwa akijenga kituo cha kukuza vipaji kwa fedha zake. Aliacha mke na watoto watatu.

Moyo ulikuwa na shida gani?

Uchunguzi wa kwanza wa mwili haukutoa jibu. Wa pili ukatoa. Foé alikuwa na ugonjwa wa kurithi ambao misuli ya moyo inakuwa minene kupita kawaida. Moyo wa namna hiyo unaweza kumbeba mtu miaka mingi bila dalili yoyote. Hatari inakuja pale unapopelekwa kasi sana. Umeme unaoongoza mapigo unavurugika, moyo unatetemeka badala ya kusukuma damu, na mtu anaanguka ghafla kama aliyezimwa.

Kwa maneno mengine, alishinda ubingwa wa Ufaransa mara mbili na wa Afrika mara mbili, na moyo wenye kasoro kifuani, bila kujua.

Kifo chake kilitokea mbele ya kamera, kwenye mashindano ya FIFA, na hakikuweza kupuuzwa. Kuanzia Kombe la Dunia la 2006, FIFA ilianzisha utaratibu wa kuwapima wachezaji, moyo ukiwemo, kabla ya mashindano. Mashine ya kushtua moyo ikaanza kuhesabika kama kifaa cha lazima kando ya uwanja, siyo anasa ya hospitali kubwa.

Faida yake imeonekana. Machi 2012 Fabrice Muamba, kiungo wa Bolton mzaliwa wa Kinshasa, alianguka akicheza dhidi ya Tottenham jijini London. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, lakini aliokolewa. Juni 2021 kiungo wa Denmark, Christian Eriksen, alianguka Copenhagen kwenye Euro. Wenzake na madaktari walifika ndani ya sekunde chache, mashine ikatumika, na baadaye akarudi kucheza soka.

Wengine hawakubahatika. Mei 2016 kiungo mwingine wa Cameroon, Patrick Ekeng, alifariki baada ya kuanguka katika mechi ya ligi ya Romania. Aprili 2019 ikawa zamu ya jirani zetu. Papy Faty, kiungo wa timu ya taifa ya Burundi, alianguka uwanjani nchini Eswatini na kufariki. Yeye alikuwa ameshagundulika kuwa na tatizo la moyo na kushauriwa aache mpira.

Hapo ndipo habari ya Foé inapogusa viwanja vyetu. Kipimo kinasaidia tu kama kinafanyika, na kikitoa jibu baya, kinasaidia kama mchezaji ana namna nyingine ya kulisha familia. Mashine nayo inasaidia kama ipo pembeni ya uwanja na kuna mtu anayejua kuitumia. Kwenye ligi nyingi za Afrika, na zaidi kwenye mechi za mchangani, vitu hivyo bado havipo.

Alichoacha

Tangu 2009 kuna tuzo ya kila mwaka yenye jina lake, ya mchezaji bora kutoka Afrika kwenye Ligue 1. Gervinho wa Ivory Coast ameichukua, na Pierre-Emerick Aubameyang wa Gabon pia. Pale Lens, barabara iliyo karibu na uwanja imepewa jina lake.

Kile kituo cha Yaoundé ndicho kinachouma. Mwenye ndoto aliondoka kabla ya kukimaliza, fedha zikakauka, na miaka kumi baada ya kifo chake waliokitembelea walikuta majengo yaliyotelekezwa na nyasi zimepanda, kaburi lake likiwa humohumo.

Maine Road nayo haipo. Ilibomolewa mwaka 2004 na pakajengwa nyumba za kuishi. Kutoka siku zile City wamebadilika karibu kila kitu, wakachukua makombe ambayo mwaka 2003 yangeonekana utani. Nyota wa kila aina wamepita pale na kuchagua namba wazitakazo. Namba 23 haimo kwenye orodha ya kuchagua. Tangu Foé aivae, klabu haijampa mtu mwingine.